Siku mbili za tano, na saa inayosomwa mkiani

Mama mdogo alikata tiketi ya ndege kwenda Mwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege na hakutaka masihara: kanga zimepigwa pasi, begi limefungwa tangu juzi yake, mihogo ya kukaanga imeviringishwa kwenye gazeti. Tiketi iliandikwa 07:10, naye akaisoma kama ilivyo, saa saba na dakika kumi. Saa nne na nusu asubuhi alikuwa kaunta, anajipongeza moyoni kwa kuwahi.

Binti wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama na yeye. "Mama, ndege hii imeondoka tangu saa moja."

"Saa moja ipi, mwanangu? Hapa si pameandikwa saba?"

Wote wawili walikuwa sahihi, na usahihi huo ndio uliomla mama mdogo nauli yake. Mimi, niliyemnunulia tiketi na kumtumia kwenye simu bila neno la ziada, nilikuwa na kosa kubwa kuliko wote, ila hapa si pahali pa kuungama. Kilichonibakia kutoka siku ile ni udadisi. Nilianza kuangalia namna sisi Waswahili tunavyohesabu saa, siku na miezi, nikakuta chini yake kuna kanuni moja ambayo sikuwahi kufundishwa darasani.

Tuanze na wiki. Taja siku polepole, kama unamfundisha mtoto: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ndani yake mna mosi, pili, tatu, nne, tano, zimepangana kama shanga. Baada ya tano unangoja Jumasita, badala yake inaingia Alhamisi. Na Alhamisi ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ni hiyo hiyo: ya tano. Yaani kila wiki, baada ya siku ya tano, tunaingia siku ya tano. Nimewauliza watu kadhaa jambo hili kwenye daladala. Kwanza hucheka, kisha utawaona wanahesabu tena kwa vidole, kimyakimya.

Sababu ni kwamba wiki yetu imeshonwa kwa vitambaa viwili. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ambayo kwao ni al-ahad, ya kwanza. Jumatatu ni ya pili, Jumanne ya tatu, Jumatano ya nne, Alhamisi ya tano. Hapo namba zinaishia, kwa sababu Ijumaa ina jina lake la heshima, siku ya kukusanyika kwa sala, na Jumamosi inaitwa as-sabt, Sabato. Mswahili alizichukua Alhamisi na Ijumaa kama zilivyo. Nyingine tano alizihesabu kwa lugha yake mwenyewe, ila alianza kesho yake baada ya Ijumaa. Siku kubwa ikishapita, hesabu inaanza upya: juma, mosi.

Ingekuwa rahisi kusema Mswahili alichanganya tu, hapa kapokea, pale kabuni. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni miezi.

Wazee wa pwani hawasemi Shawwal. Husema Mfunguo Mosi, na wengi hulikata likawa Mfungo Mosi. Ni mwezi wa kwanza baada ya kufungua, yaani baada ya Ramadhani kwisha. Unafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu, ambao ndio mwezi wa Hija na wa Idi ya kuchinja. Muharram, ambao kwa kalenda ya Kiislamu ndio unaofungua mwaka, kwetu ni Mfunguo Nne tu, katikati ya safari. Maulidi ya Mtume huangukia Mfunguo Sita. Hesabu inaendelea hadi Mfunguo Tisa, halafu namba zinakatika ghafla na majina ya Kiarabu yanarudi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani.

Sasa weka wiki na mwaka ubavu kwa ubavu. Kwenye wiki kuna kilele, Ijumaa. Hesabu inaanza baada yake, inapanda hadi tano, kisha siku ya mwisho kabla ya kilele inapewa jina la heshima. Kwenye mwaka kuna kilele, Ramadhani. Hesabu inaanza baada yake, inapanda hadi tisa, kisha miezi miwili ya mwisho kabla ya kilele inapewa majina ya heshima. Ni ramani ile ile. Nionavyo mimi, Alhamisi haikuitwa Jumasita kwa sababu ile ile iliyofanya Rajabu usiitwe Mfunguo Kumi: ni ukumbi wa kuingilia kwenye jambo lenyewe, na ukumbini watu hawahesabiwi, hukaribishwa kwa majina. Tazama hata majina ya watoto. Mitaa imejaa kina Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani. Kina Jumanne wapo, nakiri, na ni wengi. Lakini mtu anayeitwa Mfunguo Tano sijawahi kumsikia.

Mambo yanakolea ukivuka mipaka. Mnyarwanda anaanza kuhesabu Jumatatu, anaiita ku wa mbere, ya kwanza. Siku yake ya tano, ku wa gatanu, ni Ijumaa yetu. Muganda naye Jumatatu anaiita Bbalaza, neno lililotoka kwenye baraza letu, kisha Jumanne ni Lwakubiri, ya pili, mpaka Lwakutaano ambayo pia ni Ijumaa. Ukienda kusini, ukavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, wenye Kireno wanahesabu kuanzia Jumapili kama Waarabu, hivyo quinta-feira, ya tano, ni Alhamisi. Mfanyabiashara akisema mzigo utafika "siku ya tano", akiwa Mombasa amesema Jumatano, akiwa Maputo au Muscat amesema Alhamisi, akiwa Kampala au Kigali amesema Ijumaa. Siku tatu zinazofuatana, na zote ni za tano.

Wazungu nao hawana cha kutucheka. Septemba limetoka kwenye neno la Kilatini la saba, Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Warumi wa kale walianza mwaka mwezi wa Machi. Baadaye mwanzo ukasogezwa hadi Januari, majina yakabaki yamesimama pale pale. Kwa hiyo mtu anaposema "mwezi wa kumi" akimaanisha Oktoba, anasema kumi kwa mwezi unaoitwa nane, na biashara inaendelea.

Turudi kwenye saa ya mama mdogo. Alikuwa na saa ya mkono, ile ya mishale, na siku zote anaisoma vizuri kabisa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, yeye husema saa moja. Hakuna aliyemfundisha kujumlisha wala kutoa sita. Anachofanya, na pengine wewe unafanya bila kujijua, ni kusoma mkia badala ya kichwa. Chora duara la saa kwenye karatasi, uweke mshale mfupi kwenye 7, kisha urefushe mstari upande wa pili kupitia katikati. Umeangukia 1. Mshale ukiwa kwenye 9, mkia uko kwenye 3, saa tatu. Kwenye 11 mkia uko kwenye 5, saa tano. Duara lina namba kumi na mbili, tofauti yetu na Wazungu ni sita, yaani nusu kamili ya duara, kwa hiyo jibu la Kiswahili liko mkabala na jibu la Kizungu daima. Uso mmoja wa saa unatosha lugha mbili. Tatizo la mama mdogo ni kwamba tiketi haina mkia.

Na saa moja yenyewe ni ya kwanza baada ya nini? Baada ya jua kuchomoza. Kanuni ni ile ile: jambo kubwa limetokea, anza kuhesabu. Jua likizama, unaanza tena, saa moja usiku. Kwa mtu anayeishi karibu na ikweta huu ni mpango wa akili kabisa. Dar es Salaam, urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haupishani hata kwa saa nzima. London, mchana wa Desemba ni kama saa 8, wa Juni unapita 16. Ukiwapa watu wa London mtindo wetu wa kuugawa mchana sehemu kumi na mbili, saa moja ya Desemba itakuwa na dakika 40 na ya Juni itapita dakika 80. Kibarua anayelipwa kwa saa atagoma kabla ya majira kubadilika.

Jambo la kushangaza ni kwamba waliwahi kuishi hivyo hivyo. Wamisri wa kale waliupa mchana saa kumi na mbili na usiku saa kumi na mbili, zinazorefuka na kufupika kwa majira. Warumi wakarithi. Ndiyo maana msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Giza siku ya kusulubiwa kwa Yesu lilianza saa sita hadi saa tisa, na Mswahili hahitaji maelezo ya pembeni: ni adhuhuri hadi alasiri. Siku ya Pentekoste watu walipodai mitume wamelewa, Petro alijibu kwamba haiwezekani, ni saa tatu tu. Utetezi huo una nguvu ukijua saa tatu ni asubuhi, watu wengine hata chai hawajanywa. Na katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, wale waliochukuliwa saa kumi na moja walinung'unikiwa na wenzao kwamba wamefanya kazi saa moja tu. Piga hesabu: kumi na moja hadi kumi na mbili, jua likizama. Hesabu inatoka bila kalamu.

Hata neno la Kiingereza la adhuhuri, noon, lina asili ya Kilatini cha "saa ya tisa". Lilikuwa jina la sala ya saa tisa alasiri, likateleza polepole karne kwa karne mpaka likatua saa sita mchana. Na ukienda Italia, ndani ya Kanisa Kuu la Florence, kuna saa kubwa ukutani ambayo uso wake ulichorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Ina namba 24, mshale wake unazunguka kinyume na saa tulizozizoea, na siku yake inamalizika jua linapozama. Uturuki nako, saa zilirekebishwa kufuata machweo hadi serikali ilipobadili utaratibu kuanzia mwaka 1926. Kwa hiyo mtindo wetu, ambao mgeni huuona kama kituko cha pwani, una ukoo mpana sana. Ethiopia wanao hadi leo, na Waganda pia: ssaawa emu ey'oku makya ni saa moja asubuhi, kama kwetu.

Kituko hasa ni kuanza siku saa sita usiku, wakati hakuna jua, hakuna adhana, hakuna jogoo, hakuna dalili yoyote ya kuonyesha kwamba kitu kimeanza. Wanaastronomia wa Ulaya wenyewe hawakuupenda mtindo huo. Mpaka mwisho wa 1924 siku yao ilianza saa sita mchana, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe na tarehe mbili.

Kwetu siku ilianza magharibi. Usiku ulitangulia, mchana ukafuata. Hapa kuna mtego ambao umewafanya watu kukosa shughuli: mzee wa Lamu au Unguja akisema "usiku wa Ijumaa", huenda anamaanisha usiku ambao kijana anauita Alhamisi usiku. Kwa mzee, jua la Alhamisi likishazama, Ijumaa imeingia. Ukitaka kuona mtindo huo ukiwa hai, tazama Ramadhani: mwezi ukionekana, sala ya tarawehe inaswaliwa usiku ule ule, kabla hata mtu hajafunga siku moja. Watangazaji wa habari walitafuta njia ya katikati, wakatupa "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno ambayo wazee na vijana wanayaelewa kwa namna moja. Ni moja ya semi nadhifu kuliko zote tulizonazo, na tunaitumia bila kuishukuru.

Serikali nazo zinajua kwamba saa sita usiku ni mahali pa utelezi. Sikiliza tangazo la bei mpya za mafuta Tanzania: zitaanza kutumika saa 6:01 usiku. Hiyo dakika moja si mapambo. Ukisema saa 6:00 usiku wa Jumatano, nusu ya wenye vituo watauliza ni usiku wa kuingia Jumatano au wa kutoka. Dakika moja inamaliza ubishi.

Hadi hapa unaweza kudhani saa za Kiswahili zinafuata jua kwa uaminifu. Hazifuati, na aliyeharibu si Mswahili. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kukubaliana kwamba mstari wa sifuri wa dunia upite Greenwich, Uingereza. Kutoka Afrika alikuwepo mwakilishi wa Liberia peke yake. Baadaye dunia ikakatwa vipande vya saa, na Afrika Mashariki ikasumbuka kidogo kupata kipande chake. Jua la Nairobi liko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 27 hivi, namba isiyopendeza. Kenya ikawa na saa 2 na nusu kwa miaka, ikajaribu saa 3 kwa muda mfupi, ikarudi kwenye 2 na nusu, kisha kuanzia 1937 hadi katikati ya 1942 ikawa mbele kwa saa 2 na dakika 45. Saa tatu kasorobo, tungesema. Ndipo ikatulia kwenye saa 3 tunazozijua.

Saa 3 kamili ni jua la nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi yake, ndiyo maana jua la utosini kwa kawaida hutufikia saa sita imeshapita kwa dakika ishirini na kitu. Kigoma iko mbali zaidi. Jua la Kigoma liko nyuma ya la Dar kwa karibu dakika 40, wakati saa za ukutani ni zile zile. Mwezi wa Ramadhani, mtu wa Kigoma anayetazama televisheni anaona wenzake wa Dar wanakunywa uji na kula tambi, na yeye bado jua liko juu ya ziwa linamtazama. Mapema asubuhi mambo yanageuka: saa moja inakaribia kugonga ndipo jua linachungulia juu ya vilima nyuma ya mji.

Panda boti uende Bujumbura, ziwa lile lile, karibu kwenye mstari ule ule wa jua. Jua linachomoza kwenye miji yote miwili kwa wakati takriban mmoja. Lakini Burundi iko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo saa ya Bujumbura inasema kumi na mbili, ya Kigoma inasema moja. Kwa maana halisi ya Kiswahili, Bujumbura ndiko saa inakosema kweli siku hizi: jua likitoka, ndiyo kwanza hesabu inaanza.

Simu zetu zimeongeza chumvi. Ukiweka simu kwa Kiswahili itakuandikia Jumatatu vizuri kabisa, na chini yake 07:00. Siku za Kiswahili, saa za Kizungu, kwenye kioo kimoja. Upande wa pili, mabango ya maduka yanaandika "tunafungua 2:00 asubuhi, tunafunga 12:00 jioni", na kadi za harusi "saa 8:00 mchana", tarakimu zikifuata mkia wa saa. Mkenya aliyezoea lugha mbili atakuambia kwa Kiingereza mkutano ni ten, akimgeukia mwenzake anamwambia saa nne, na hata kope hapigi. Namba zikisemwa kwa maneno hazina shida, kwa sababu neno "asubuhi" au lugha yenyewe inazisindikiza. Zikiandikwa peke yake, 07:10, zimefika bila msindikizaji.

Mama mdogo sasa ana dawa yake. Tiketi ikifika kwenye simu, anamwita mjukuu, anamwambia achore duara kwenye daftari, aweke mshale panapotakiwa. Anaweka kidole kwenye mkia. Halafu anauliza swali moja tu: "Kuku wanakuwa wameshatoka bandani, au bado?"